Mdomo wa Kiondo Huanzia Kitakoni

Kanga mpya ambayo bado haijapindwa ina pande nne, na pande hizo hazina tabia moja. Zile mbili ndefu ni imara; hata ukizikwaruza kwa ukucha hakuna uzi unaochomoka. Zile mbili fupi, zilizokatwa kwa mkasi, huanza kufumuka siku hiyohiyo, na ndiyo sababu mwenye kanga hupitia kwa fundi wa cherehani kabla ya kuivaa. Pamba ni ileile, kiwanda ni kilekile, rangi ni ileile. Tofauti ni kwamba upande mrefu ulifungwa kitambaa kikiwa bado kinafumwa. Katika mtambo wa mkono, uzi wa mshindio, yaani ule unaopita kwa upana, hufika pembeni, hugeuka na kurudi ndani. Mitambo ya kisasa ina njia zake nyingine za kuufunga, lakini yote hufanya hivyo kazi ikiendelea. Upande mfupi haukupata bahati hiyo. Uliachwa na vichwa vya nyuzi wazi, na sasa unahitaji kuokolewa.

Tofauti hiyo ndogo ina somo kwa kila anayefuma au kusuka kwa mikono, awe anatumia ubao wa vigingi, sindano, kroshia au vidole vitupu. Wengi huuchukulia ukingo kama kazi ya mwisho, kitu cha kurembwa baada ya kazi yenyewe kwisha. Wanaoanza kufuma skafu huuliza habari za pembeni siku wanayoitoa skafu kwenye ubao, wakaona upande mmoja umevutika ndani na mwingine umelegea. Wanaosuka kikapu huushughulikia mdomo wakati nyuzi zimebaki shibiri moja. Naona wamechelewa wote wawili. Ukingo uliolingana ni jumla ya mamia ya maamuzi madogo yaliyofanywa kuanzia mstari wa kwanza, na kazi ya mwisho huweza kuuhifadhi au kuuharibu, lakini haiwezi kuuumba.

Tuanze na ubao wa kufumia, kwa kuwa juu yake sababu huonekana waziwazi. Ubao huu ni kipande cha mti au plastiki chenye vigingi vilivyopangwa kwa nafasi sawa. Mfumaji huzungusha uzi kwenye kila kigingi mara mbili, moja chini na moja juu, kisha kwa kindoano huinua kitanzi cha chini na kukivusha juu ya kile cha pili mpaka kivuke kichwa cha kigingi. Akifika mwisho wa safu hugeuka na kurudi. Katikati ya kitambaa kila kitanzi kimeshikwa kushoto na kulia, na kikilegea kidogo uzi wake wa ziada hugawanywa kwa majirani mpaka usionekane. Kitanzi cha pembeni hakina msaada huo. Kiko kama abiria wa mwisho kwenye kiti cha matatu kilichojaa, ambaye upande mmoja amebanwa na mwenzake na upande wa pili ana hewa tupu. Ulegevu wowote unaotokea mfumaji anapogeuka hujikusanya hapo na kukaa hapo.

Kwa sababu hiyo dawa za pembeni zote hulenga ule mgeuko. Iliyo maarufu zaidi ni kuruka kigingi cha kwanza katika kila safu: mfumaji akigeuka hakifumi, huupitisha uzi nyuma yake na kuanzia kigingi cha pili. Kwa njia hiyo kitanzi kimoja cha pembeni hushika safu mbili, na ukingo hutoka kama mnyororo ulionyooka badala ya mafundofundo. Dawa hiyo ina masharti. Ukiruka lazima uruke kila safu, maana safu moja iliyosahaulika huacha kinundu. Tena haifai kila mahali: vipande vya sweta vitakavyounganishwa baadaye huhitaji kitanzi kwa kila safu ili mshono ushike vizuri, kwa hiyo kwenye vipande hivyo ni afadhali kufuma mpaka kigingi cha mwisho na kuchunga mvuto wa uzi tu. Kuhusu mvuto wenyewe, kosa la kawaida la mwenye hamu ya unadhifu ni kuukaza uzi sana anapogeuka. Pembeni huwa fupi kuliko katikati, na skafu hupinda.

Kuna pia kujikunja. Kitambaa kilichofumwa kwa aina moja ya kitanzi uso mmoja huviringika chenyewe: kingo za kushoto na kulia huelekea nyuma, za juu na chini huelekea mbele. Wengi hudhani wamekosea, na huweka pasi juu yake kwa hasira. Hawakukosea. Uzi uliopindwa kuwa kitanzi hutaka kujinyoosha, na pale ambapo vitanzi vyote vimeelekea upande mmoja hakuna nguvu ya kuupinga. Tiba ni kupanga upinzani huo tangu mwanzo: vigingi vitatu au vinne vya kila pembe vifumwe kwa kubadilisha, safu moja kitanzi cha mbele na safu inayofuata kitanzi cha nyuma, au kazi yote ifumwe kwenye ubao wenye safu mbili za vigingi, ambao hutoa kitambaa cha nyuso mbili kisichojikunja. Hata hapa uamuzi unafanyika kabla ya skafu kurefuka. Anayengoja mwisho hubaki na pasi, na nyuzi nyingi za madukani, za akriliki, huharibika kwa moto kabla hazijatii.

Nyuzi za sweta, pamoja na hayo, zina huruma. Sufu ikiloweshwa, ikatandazwa juu ya taulo na kubanwa kwa pini mpaka ikauke, hukubali kusogezwa kidogo. Kwa hiyo anayefuma kwa sufu anaweza kuponea chupuchupu na kuendelea kuamini kwamba ukingo hurekebishwa mwishoni. Anayetaka kuona kanuni ikifanya kazi bila huruma hiyo amtazame msukaji wa katani, yaani nyuzi za mkonge, na kaunti ya Taita Taveta ni mahali pazuri pa kumtazama.

Tuchukue Kishushe kwa mfano. Iko chini ya milima ya Taita, upande unaopakana na mbuga ya Tsavo Magharibi, katika wadi ya Wumingu/Kishushe, eneo la Wundanyi. Habari zake zinapofika magazetini huwa ni za madini ya chuma au za ndovu. Juu milimani kuna ukungu na mashamba ya mboga; huku chini mvua ni haba na mimea inayodumu ni ile isiyoogopa kiangazi. Mkonge ni mmojawapo. Si mwenyeji wa hapa: asili yake ni Meksiko, na uliingia Afrika Mashariki mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika Tanga michache tu ikiwa hai, 62 kwa hesabu inayotajwa siku zote. Leo shamba kubwa la mkonge la Mwatate, kandokando ya barabara ya Voi kwenda Taveta, limekuwa sehemu ya mandhari kiasi kwamba ni vigumu kuamini mmea huo ni mgeni. Usukaji wenyewe umeutangulia. Kabla ya mkonge watu wa sehemu kavu za Kenya walisuka kwa nyuzi za magome, yakiwemo ya mbuyu. Wanawake wa Taita walipopata katani waliipa kazi ambayo mikono yao iliijua tayari. Katika ukanda wa Kasigau na Maungu vikundi vyao husuka viondo, vikapu vya katani, vinavyofika mpaka masoko ya ng'ambo, baadhi kupitia shirika la Hadithi.

Katani ni uzi mgumu. Hauvutiki, haunyooki, haubembelezeki kwa maji na pini. Tena ni wa thamani kuliko bei yake inavyoonyesha: katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi kavu zinazotoka ni kama kilo nne tu, sehemu nyingine yote ni maji na makapi. Jani hukwanguliwa mpaka nyama yake ya kijani iishe, nyuzi huoshwa, hukaushwa juani, na zinazotiwa rangi huchemshwa. Kisha huja kusokota. Msukaji hukaa chini, huweka vifungu viwili vya nyuzi juu ya paja, na kwa kiganja huviviringisha kwenda mbele mpaka kila kimoja kijisokote. Akirudisha kiganja, viwili hivyo hukumbatiana kwa mwelekeo wa kinyume na kuwa kamba moja isiyojifungua. Hapa, kabla kiondo hakijapata hata umbo, ukingo wake umeshaanza kuamuliwa. Kamba nene hapa na nyembamba pale haiwezi kuchukua nafasi sawa, na uzi wenye unyevu haukazwi sawa na uliokauka. Msukaji atakayechanganya hizo mbili katika mzunguko mmoja ataona matokeo siku kadhaa baadaye, mahali pengine kabisa.

Kiondo kina werevu ambao ubao wa kufumia hauna. Kwa kuwa husukwa kwa kuzunguka, hakina kushoto wala kulia. Msukaji hageuki. Huenda mbele daima, duara juu ya duara, kutoka katikati ya kitako mpaka juu. Ile hatari ya mgeuko, inayomsumbua mfumaji wa skafu mwishoni mwa kila safu, imeondolewa. Umebaki ukingo mmoja tu, mdomo. Mtu anaweza kusema basi kazi imekuwa rahisi. Imekuwa rahisi kwa hesabu ya kingo, lakini ukingo huo mmoja umerithi makosa ya kazi nzima, maana kila duara limekalia lile la chini yake.

Tazama kitako. Nyuzi za mtande, zile zinazosimama, hupishanishwa katikati, na nyuzi mbili za mshindio huzungushwa kuzipita: moja mbele, moja nyuma, halafu hubadilishana nafasi kabla ya uzi unaofuata. Duara likipanuka nafasi kati ya mtande na mtande huongezeka, na msukaji hulazimika kuongeza mingine. Kiasi gani? Hesabu za shule ya msingi zinatoa jibu. Mzingo wa duara huongezeka kwa sentimita 6.28 kila nusu kipenyo kinaporefuka kwa sentimita moja. Tukichukua mfano wa kazi ambayo mitande yake imeachana kwa nusu sentimita, basi kila sentimita ya kupanuka hudai nyuzi mpya 12 au 13, zilizotawanywa sawasawa. Akiongeza chache kuliko hizo kitako hunyanyuka kingo na kuanza kuwa bakuli kabla ya wakati. Akiongeza nyingi mno duara hukosa mahali pa kulala, likapanda na kushuka mawimbi. Anayeziongeza zote upande mmoja hupata yai badala ya duara. Hakuna mdomo mviringo unaoweza kusimama juu ya kitako cha yai.

Kitako kikitimia nyuzi haziongezwi tena, nazo kuta hupanda. Hapa adui ni mkono wenyewe, ambao hukaza asubuhi na kulegea jioni. Tuchukue kiondo chenye mzingo wa sentimita 75, kinachohitaji mizunguko 100 kufika juu. Tuseme mkono unalegea kidogo sana, robo tatu ya milimita kwa mzunguko mzima, kiasi ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona. Baada ya mizunguko 100 mzingo wa mdomo utakuwa umezidi wa kitako kwa sentimita 7.5. Kiondo kilichokusudiwa kuwa wima kimekuwa kimepanuka juu, na mwenye kazi hajui ni wapi alipokosea, kwa sababu kosa halikutokea mahali pamoja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika katani ufa ni robo tatu ya milimita, na ukuta ni kufumua kazi ya wiki.

Ndipo mdomo unapofikiwa. Njia za kuufunga ni kadhaa. Mitande inayobaki inaweza kusukwa pamoja kuwa msuko mmoja unaozunguka ukingo, kila uzi ukilala juu ya jirani yake na kuzama ndani. Inaweza kukunjwa na kurudishwa chini sambamba na uzi wa jirani, kisha kukatwa. Inaweza kufungwa mafundo na kuachwa kama matamvua. Zote ni njia nzuri, na zote zinashiriki sharti moja: mitande ilingane kwa unene na kwa nafasi. Msuko ukipita juu ya mitande iliyobanana hupanda, ukipita juu ya iliyoachana huzama, na kilichokuwa kosa dogo la ukutani huonekana sasa juu kabisa, mahali ambapo jicho la mnunuzi hutua kwanza. Watu hulaumu msuko. Msuko umesema ukweli tu.

Zaidi ya uzuri kuna nguvu. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki, tarehe 28 Agosti 2017, kikapu kimerudi kuwa chombo cha kwenda nacho sokoni, na si pambo la begani pekee. Mikanda hushonwa mdomoni, kwa hiyo uzito wote wa viazi, unga na sukari huning'inia kwenye mizunguko michache ya juu. Mizunguko iliyolingana hugawana mzigo. Isiyolingana haigawani: nyuzi zilizokazwa zaidi hubeba kwanza na kukatika kwanza, kisha mzigo huhamia kwa zinazofuata. Mdomo uliopinda kwa hiyo ni dalili ya mahali kiondo kitakapochanikia.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii linatoka kwa wafanyabiashara. Watasema ukingo mbaya hufichwa: kiondo hupelekwa kwa fundi wa ngozi, akauzungushia mdomo ukanda na kuushona, na kitambaa hupitishwa kwenye ovaloki. Ni kweli kwamba ngozi huziba vichwa vya nyuzi na ovaloki hufunga visifumuke. Lakini ukanda wa ngozi una urefu wake. Mdomo uliopanuka kuliko ukanda hulazimika kukusanywa chini yake, na mikunjo huonekana mpaka ndani. Mdomo uliobana huvutwa, na mshono huanza kuchoka siku ya kwanza. Ovaloki nayo hufuata mstari inaoukuta. Upande uliopinda hutoka umepinda na umefungwa vizuri. Vifaa hivyo huzuia kufumuka tu, wala havinyooshi, na mfanyabiashara anayechanganya kazi hizo mbili atalipa ngozi ya ziada kwa kiondo kitakachobaki kibovu.

Historia ina ushahidi wa jambo hili kutoka mahali ambapo ufumaji uligeuka kuwa kiwanda. William Lee wa Uingereza alibuni fremu ya kufumia soksi mwaka 1589, na kwa muda mrefu mafundi wa fremu hiyo walitengeneza soksi zilizopewa umbo kwenye fremu yenyewe, zenye kingo kamili pande zote mbili. Baadaye matajiri waligundua njia ya haraka: kufuma kitambaa kipana, kukikata kwa mkasi kwa umbo la soksi na kukishona. Soksi hizo zilikuwa rahisi, na zilifumuka kwenye mshono, kwa kuwa vitanzi vilivyokatwa havina kinachovishika. Mwaka 1811 wafumaji wa Nottingham, waliokuja kuitwa Waluddi, walianza kuvunja fremu usiku. Watu hukumbuka kwamba walichukia mashine. Husahauliwa kwamba walikuwa wameishi na mashine hizo maisha yao yote, na kwamba miongoni mwa malalamiko yao makubwa, sambamba na ujira, zilikuwa soksi za kukatwa zisizo na ukingo, zilizoharibu jina la kazi yao na kushusha bei yake. Mwaka 1812 walipeleka shauri lao Bungeni. Muswada wa kuzuia udanganyifu huo ulipita kwa wabunge wa kawaida ukakataliwa na mabwana wa Baraza la Juu. Mwaka huohuo sheria iliyofanya kuvunja fremu kuwa kosa la kifo ilipitishwa bila shida. Waliojua kazi walijua kwamba ukingo ndio uliotenganisha kitu cha kudumu na kitu cha kudanganyia macho, na kwamba anayeruhusu ukingo uporomoke huruhusu na ujira uporomoke.

Pingamizi la pili ni la mnunuzi mwenye mapenzi mema. Yeye husema hapendi ulinganifu, kwa kuwa kupinda kidogo ndiko kunakothibitisha kwamba kitu kimetengenezwa kwa mkono. Namheshimu, ila amechanganya aina mbili za tofauti. Rangi iliyokolea zaidi mzunguko huu kuliko ule, pambo lililobadilishwa katikati kwa sababu msukaji aliona vema, kamba yenye unywele uliochomoza: hizo ni alama za mkono, na hakuna anayetaka ziondoke. Mdomo wenye mawimbi ni jambo jingine. Huo unatuambia kwamba nyuzi ziliongezwa bila mpango au mkono uliachiwa. Msukaji hodari mwenyewe hasifii kupinda huko wala hakuiti asili. Kumwambia kwamba kosa lake ndilo linalopendeza ni kumnyima heshima anayostahili fundi yeyote, ile ya kupimwa kwa kipimo cha kazi yake.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote, na linatoka kwa wasukaji. Mwanamke wa nyanda kavu za Taita husuka kati ya kazi na kazi: baada ya kuteka maji, akichunga mbuzi, jioni akiwa macho kwa sababu ndovu wameonekana karibu na shamba. Kazi inayoshikwa na kuachwa mara nyingi ndiyo hasa ambayo mkono wake hubadilika mvuto. Na bei? Dalali anayepita hununua kwa ukubwa, kiondo kilichonyooka na kilichopinda kwa pesa zilezile. Kwa nini basi ajisumbue na robo tatu ya milimita? Swali hili halijibiwi kwa mahubiri ya bidii. Jibu la kwanza ni kwamba njia ninayoitetea haiongezi saa, huzihamisha. Kupima mzingo kwa uzi uliofungwa fundo kila baada ya mizunguko kumi ni kazi ya dakika moja. Kufumua mizunguko thelathini ni kazi ya siku, na katani iliyokwisha kukunjwa hairudi kuwa mpya. Anayerudi kwenye kiondo alichokiacha jana apime kabla ya kuendelea, ajue mkono wa leo unakaza au unalegea kuliko wa jana.

Jibu la pili linamhusu anayenunua. Dalali anayelipa bei moja kwa kazi mbili tofauti anawafundisha wasukaji kwamba ukingo hauna thamani, kisha atalalamika kwamba ubora umeshuka. Wanunuzi wanaoagiza kwa vipimo, kipenyo na kimo vikiandikwa, wanaweza kuweka daraja mbili za bei na kuzieleza hadharani. Vikundi vya wanawake vina nguvu hapa kuliko msukaji mmojammoja, kwa sababu kikundi kinaweza kukagua kazi yake chenyewe kabla dalali hajafika, na kukataa kuchanganya kilichonyooka na kilichopinda katika rundo moja. Wafumaji wa Nottingham waliomba Bunge liwafanyie hivyo likakataa. Kikundi cha kijijini hakihitaji kibali cha Bunge kupanga viondo vyake.

Atabaki mmoja wa kusema kwamba bibi zetu hawakuhesabu sentimita 6.28, na viondo vyao vilisimama wima. Hilo ni kweli, nalo linaunga mkono hoja hii. Msukaji mzoefu hahesabu kwa sauti kwa sababu kidole chake huhisi nafasi kati ya mitande na kuongeza uzi kabla jicho halijaona pengo. Anafanya hesabu ileile, mapema kuliko mwenye rula. Tatizo la ujuzi wa namna hiyo ni kwamba ni mgumu kumwambia mwingine. Msichana akiuliza kwa nini kitako chake kina mawimbi, jibu la «utazoea» halimsaidii. Kumwonyesha kwamba ameongeza nyuzi 20 mahali palipohitaji 12 humsaidia leo. Hesabu haichukui nafasi ya mkono. Hufupisha miaka ambayo mkono huchukua kujifunza.

Yapo mambo ya kufanya, basi, kwa kila upande. Anayefuma kwenye ubao aamue habari za pembeni kabla ya safu ya kwanza: ataruka kigingi au hataruka, vigingi vya pembe vitabadilishwa au havitabadilishwa, na safu ya kumalizia ifungwe kwa ulegevu uleule wa kazi yote, kwa sababu kufunga kwa kukaza huharibu kilichonyooka. Anayesuka asokote kamba zake zote za mtande kabla ya kuanza, azilinganishe unene, agawe nyongeza zake sawasawa kitakoni, na awe na uzi wake wa kupimia. Anayefundisha kikundi asianze somo la ukingo siku ya mwisho ya mafunzo. Na anayenunua, awe Voi, Wundanyi au duka la mbali, akishika kiondo akipindue kwanza chini juu. Kitako kilicholala sawa juu ya meza, chenye nyuzi zilizotawanyika bila kusongamana, kitamwambia habari za mdomo kabla hajautazama, na kwa kazi hiyo ndiyo alipe bei ya juu.